Mabomba Yaliyolazwa Kombo: Marekebisho ya Mfumo wa Maji Moto wa Jua katika Nyumba za Kyumbi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Kwa fundi bomba, methali hiyo haina fumbo: maji hayatii matakwa ya fundi, bali hutii kanuni za maumbile. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kurekebisha mabomba yaliyofungwa visivyo katika mfumo wa kupasha maji kwa nguvu za jua. Mfano unaotumika ni nyumba za Kyumbi, kwenye makutano ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa na ile iendayo mjini Machakos.

Katika nchi za Ulaya, maji moto hupitishwa chini ya sakafu ili kupasha nyumba nzima. Kyumbi haina haja hiyo. Baridi ya Julai hukabiliwa kwa maji moto ya kuoga. Jua ni jingi, na mwaka 2012 serikali ya Kenya ilitoa kanuni zilizoyataka majengo yenye kuhitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua. Hata hivyo, maji yenyewe ni ya thamani kubwa. Kaya nyingi za Ukambani hununua maji ya maboza au ya mikokoteni, hivyo kosa la fundi huwa hasara ya kila siku.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Mfumo wa kawaida hauna pampu. Maji baridi hutoka sehemu ya chini ya tangi la maji moto na kuingia chini ya paneli. Yakipashwa na jua huwa mepesi, hupanda, hutokea juu ya paneli na kurudi tangini. Mzunguko huu hujiendesha madhali tangi liko juu ya paneli. Aidha, tangi kubwa la maji baridi sharti liwe juu ya lile la maji moto ili lilijaze lote.

Makosa yanayotokea

Kosa la kwanza ni bomba linalopanda kutoka kwenye paneli kulegea na kufanya bonde au nundu. Hewa hunaswa penye nundu na mzunguko ukakatika. La pili ni kuliweka tangi karibu mno na paneli, au chini yake. Usiku maji moto hurudi kinyume na kupoa. Inafaa pawe na nafasi ya sentimita 30 hivi baina ya upande wa juu wa paneli na upande wa chini wa tangi.

La tatu linahusu bomba la kupumulia. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 1.5, tangi la lita 200 huhitaji nafasi ya lita 3 zaidi. Bomba hilo likizibwa, tangi laweza kupasuka. Likiishia chini ya usawa wa maji baridi, maji humwagika paani mchana kutwa. La nne ni kutumia mabomba ya PVC ya maji baridi, ambayo hulegea kwa joto.

Hatua za kurekebisha

Kwanza, fundi ayapime mabomba kwa kiganja, kwa hadhari, adhuhuri. Bomba la juu ya paneli likiwa moto sana ilhali tangi ni baridi, mzunguko umekatika. Pili, afunge koki ya maji baridi, aifunike paneli kwa turubai na kungoja ipoe, kisha ayakinge maji katika mapipa badala ya kuyamwaga. Tatu, apime miinuko kwa mpira mwangavu wenye maji, kama wafanyavyo waashi. Nne, akate sehemu yenye kosa na kulaza upya bomba lihimililo joto, likipanda mfululizo bila bonde. Mwisho, ajaze maji polepole kutoka chini ili hewa itoke juu, na akague viungo vyote kabla ya ukuta kupigwa lipu.

Hitimisho

Marekebisho haya yanategemea pia lugha. Nchini Kenya, watu wengi huita koki “mfereji”. Nchini Tanzania, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, na koki huitwa “bomba”. Mwenye nyumba akimwagiza fundi “afunge mfereji”, kila mmoja aweza kuelewa lake. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini istilahi za sayansi hazina budi kushuka kutoka rafuni hadi paani. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuyasikiliza maneno ya mafundi, kuyapambanua na kuyaeleza, kwani agizo lisiloeleweka hulaza bomba kombo kama mkono usio na ujuzi.