Makubaliano ya Kukiri Kosa: Mizani Ipime Nini?

Katika madarasa ya makada swali hili hujitokeza mara kwa mara: Serikali inapokubaliana na mshtakiwa apunguziwe mashtaka kwa kukiri, je, haki ya umma haijauzwa? Swali hili ni la msingi, na yapasa lijibiwe kwa uchambuzi, si kwa hasira.

Kwanza, tuielewe sheria. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili kuruhusu makubaliano hayo. Mwendesha mashtaka, baada ya kushauriana na mwathirika au mpelelezi, aweza kukubaliana na mshtakiwa wakati wowote kabla ya hukumu. Mshtakiwa hukiri kosa lake, au kosa dogo zaidi, na mashtaka mengine huondolewa. Aweza kuamriwa kurudisha mali au kulipa fidia. Mahakama haishiriki katika majadiliano. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyekiri amekiri kwa hiari.

Pili, tuitazame mizani yenyewe. Ibara ya 59B ya Katiba humtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie mambo matatu: kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Tuchukue mfano wa kubuni. Mweka hazina wa chama cha wakulima katika kata ya Yakobi, Njombe, anatuhumiwa kula fedha za mbolea. Mwendesha mashtaka hana budi kujiuliza: Ushahidi una nguvu kiasi gani? Fedha zitawarudia wakulima kabla ya msimu wa kupanda? Huyu ndiye kinara, au ni mtu aliyetumwa, ambaye maelezo yake yatawafikisha wakubwa mahakamani? Wakulima wenyewe wanasemaje? Ushahidi ukiwa haba, jibu si kumshawishi akiri kosa dogo. Jibu ni kufuta mashtaka.

Tatu, tuitambue hatari. Septemba 2019 Rais Magufuli alishauri washtakiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurudisha fedha wafikiriwe. Katika siku chache Mkurugenzi wa Mashtaka, Biswalo Mganga, alieleza kuwa washtakiwa 467 walikuwa tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Hizo ni fedha nyingi za umma. Lakini wakati huo utakatishaji wa fedha ulikuwa kosa lisilo na dhamana, na kanuni za makubaliano zilitungwa mwaka 2021. Mtu aliyesota mahabusu kwa miaka aweza kukiri kwa kuchoka tu, hata kama hana hatia. Na mwenye fedha hununua uhuru ambao mwizi wa kuku hana cha kuununulia. Hapo mizani imeacha kupima kosa; inapima mfuko.

Historia yetu ilikwisha kutuonya. Sheria ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwanyima washtakiwa dhamana na mawakili, na mwaka 1984 ikabidi iwekwe nyingine mahali pake.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: makubaliano ni chombo halali pale tu ambapo mshtakiwa aweza kuyakataa bila kuozea rumande. Kada asiishie kuuliza ni mabilioni mangapi yamerudi. Aulize pia yamerudi kwa nani, na kama yule mnyonge asiye na kitu alipimwa kwa mizani ile ile.