Kisukari njiani Vurra hadi Oraba: Dawa nayo ipangiwe safari

Na Mwandishi wa Habari za Kikanda, Arua

ONDUPARAKA, kiunga cha Arua, wengi tunakijua kwa timu yake ya soka iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Mfanyabiashara anayeishi hapa yuko katikati ya mipaka miwili. Barabara ya kilomita 92 inaanzia Vurra, mpakani na Kongo, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini.

Anayeitegemea barabara hii huondoka alfajiri na chai ya sukari nyingi tumboni. Mpakani anasubiri mzigo hadi alasiri. Mlo wa maana anaupata usiku. Kwa mwenye kisukari, siku ya namna hiyo inaweza kumwangusha kabla hajauza chochote.

Kisukari hutokea mwili unaposhindwa kutengeneza insulini ya kutosha au kuitumia ipasavyo, na sukari ikabaki kwenye damu. Mgonjwa hupata kiu, hukojoa mara kwa mara, huchoka, huona ukungu, na vidonda vyake huchelewa kupona. Asipotibiwa kwa miaka, macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu huharibika. Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 1.4 ya watu wazima wana kisukari, na karibu nusu yao hawakujua.

Hatari ya haraka zaidi safarini ni sukari kushuka. Mtu amechoma insulini au amemeza aina fulani za vidonge, kisha foleni ikamnyima chakula. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Walio karibu hudhani amelewa na kumwacha. Ukimwona mwenzako hivyo na bado anaweza kumeza, mpe nusu ya soda ya mililita 300 au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Jambo la pili ni hesabu. Sisi tunaobadilisha shilingi kwa faranga na pauni tunajua kosa la kubadili linavyokula mtaji. Sukari nayo ina vipimo viwili. Mashine nyingine husoma mmol/l, nyingine mg/dl. Ukizidisha mmol/l kwa 18 unapata mg/dl. Kwa hiyo 7 ya mashine moja ni 126 ya nyingine, na hicho ndicho kiwango ambacho, kabla ya kula asubuhi, huashiria kisukari. Chini ya 4, yaani takriban 70, sukari imeshuka mno. Usiongeze wala kupunguza dawa kabla ya kujua mashine inasoma kipimo gani.

Dawa pia hubadili lugha. Upande wa Kongo boksi huandikwa Kifaransa: metformine, insuline. Omba daktari akuandikie jina halisi la dawa na kipimo chake, si jina la kampuni pekee, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi yako ya homa ya manjano. Ukinunua insulini, hakikisha nguvu iliyoandikwa kwenye chupa inalingana na bomba la sindano. Bomba la 100 ni la chupa ya 100.

Na joto je? Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika takriban wiki nne mahali pa baridi. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 baada ya kupima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Kenya, ulionyesha insulini ilibaki na nguvu wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kukosa friji kusimfanye mtu aache dawa. Ila dashibodi ya lori juani ni moto kupita hapo. Weka chupa kwenye begi lenye kivuli.

Chakula cha nyumbani hakikatazwi. Enyasa iwe kiasi, mboga na maharage viongezeke, chai ipungue sukari. Viatu vifunike vidole, na jioni kagua nyayo, maana miguu iliyokufa ganzi haisikii msumari.

Wasafirishaji wa Koboko hukagua tairi na breki kabla ya kuwasha gari. Mwenye kisukari naye akague vitu vinne: dawa ya siku zote za safari na akiba ya siku tatu, kitu kitamu mfukoni, chakula cha kubeba, na mwenzake mmoja anayejua ugonjwa wake. Hicho cha mwisho hakigharimu hata shilingi, na ndicho wengi tunachoficha.