Nguo za kabatini: uza, lakini kwanza uliza nyumbani

Septemba si mwezi wa fedha Mtwara. Korosho bado ziko mtini, minada kwa kawaida huanza Oktoba, na mkulima anayesubiri malipo kupitia chama chake cha msingi hana cha kupeleka dukani. Ndipo macho ya mama wa nyumba yanapohamia kabatini. Mle kuna kanzu ya mtoto iliyovaliwa Idi moja tu, magauni yasiyoingia tena mwilini, sare za aliyemaliza darasa la saba. Ni fedha iliyolala.

Lakini kuuza nguo yako mwenyewe ni jambo linalowatia wengi haya. Mtaa mzima wa Magomeni unaweza kuvaa mitumba bila mtu kuinamisha uso. Atakayetandika turubai na kuweka gauni ambalo jirani anakumbuka alilivaa harusini, huyo atasemwa: kumbe hali imefika huko? Ajabu, maana kila mtumba ulivaliwa na mtu. Tofauti ni kwamba mwenyewe yuko mbali. Kule Uingereza familia hujaza nguo kwenye buti la gari Jumapili asubuhi, zikaegesha uwanjani safu kwa safu na kuuza za watoto wao bila kificho. Nyingine hutolewa msaada, zikaingia kwenye mabelo, na baadhi ya mabelo hayo hufunguliwa Afrika Mashariki.

Wazee walikuwa na jina lao kwa nguo hizo: kafa Ulaya. Waliona hakuna mtu mzima wa afya anayeachia shati zuri namna ile. Jina lilififia baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, ila hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa nguo za marehemu zina utaratibu wake. Hugawiwa ndugu. Kwa Waislamu ni sehemu ya mirathi, hata kama ni kikoi kimoja na kofia. Mjane anayezipeleka sokoni kabla ya warithi kukaa kitako, japo shida ni ya kweli, amejitafutia kesi ya ukoo.

Nguo za walio hai nazo zina foleni. Chukua mama wa Shangani aliyekwisha kuzaa, nguo za kitindamimba amezifunga kwenye mfuko. Mdogo wake yuko Msimbati, mimba ina miezi saba. Dada mtu akiziuza kwa bei ya kutupa, habari zitafika Msimbati kabla jua halijazama, na mdogo atakumbuka jambo hilo miaka mingi baada ya fedha kuisha. Simu moja ingetosha: nataka kuuza, njoo uchague kwanza. Zitakazobaki ziuzwe kwa moyo mweupe. Baba naye aulizwe, maana wapo wanaume wasiovaa shati miaka mitatu lakini siku likiuzwa ndiyo siku wanayolitafuta.

Mwenye haja ya faida asishindane na belo. Fulana ya mtoto iliyochuja haina nafasi mbele ya rundo la chagua mwenyewe. Nguvu ya kabati la familia iko kwenye vitu ambavyo belo halina: kanzu na kofia yake, doti ya khanga ambayo haijapoteza pacha, na zaidi ya vyote sare. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu bado ni mzigo wa mzazi. Sare safi, vifungo vimekamilika, pindo limeachwa refu, haisubiri mteja mwezi Januari. Kuiuza Septemba ni kuitupa.

Nguo za ndani zilizotumika zisiwekwe kabisa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku. Anayeona haya mtaani kwake anaweza kusubiri fedha za korosho na kwenda kwenye minada ya vijijini, upande wa Madimba na Kilambo, ila nauli ya bodaboda aipigie hesabu kwanza. Au amkabidhi machinga wakubaliane mgawo. Kazi hiyo ni ya kwao hasa. Jina lenyewe ni la Wamachinga wa Lindi jirani.

Na kabla ya kufunga mfuko, mifuko ya suruali ipekuliwe. Khanga moja iliyochakaa mara nyingi hurudishwa kabatini bila maneno: ile ya kubebea watoto. Haina bei sokoni. Siku binti aliyebebwa nayo atakapoolewa, upande wa mume utamletea mama yake ubeleko.