Kikapu cha Mtoto Kitandani mwa Mama

Wapo watoto wachanga wanaolazwa usiku wakiwa wazima, wamenyonya wameshiba, na asubuhi wakakutwa wamekufa. Homa hakuna, kikohozi hakuna. Huko New Zealand msiba huo ulizidi hata watafiti wakaanza, mwaka 1987, uchunguzi wa miaka mitatu wa kulinganisha watoto waliokufa usingizini na wenzao waliosalimika.

Waliokuwa hatarini zaidi ni waliolazwa kifudifudi, ambao mama zao walivuta sigara, na ambao hawakunyonya maziwa ya mama. Na kumbe kulaza kifudifudi kulishauriwa na wataalamu wenyewe kwa miaka mingi! Kisa ni hofu kwamba mtoto akilala chali atapaliwa akicheua. Hofu hiyo hata bibi zetu wanayo. Lakini tazameni mwili ulivyoumbwa: mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayopanda hushuka yalikotoka. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo huwa chini. Tena mtoto wa kifudifudi hulala fofofo, na usingizi huo mzito, ambao mama huufurahia, ndio humfanya asishtuke pumzi inapopungua.

Mwaka 1991 kampeni ya kuacha kulaza kifudifudi ikaanza, vifo vikapungua upesi. Lakini Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, waliendelea kuzika watoto wengi kuliko Wazungu. Wanawake wengi wa Kimaori walikuwa wakivuta sigara, na mtoto ambaye mama yake alivuta akiwa mjamzito huwa hatarini zaidi anapolala kitanda kimoja na mtu mzima. Wakaambiwa: msilale na watoto wenu. Ushauri ulikuwa na sababu, ila uliingia sikio hili ukatokea lile. Kwa Wamaori, kama kwetu, mahali pa mtoto mchanga ni ubavuni mwa mama yake.

Yapata mwaka 2006 daktari wa Kimaori, David Tipene-Leach, alishirikiana na wasukaji wa Gisborne kutengeneza kitanda kidogo mfano wa kikapu. Hukiita wahakura. Husukwa kwa majani ya harakeke, mmea wa nyuzi kama mkonge wetu, na huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yu karibu na mkono wa mama na ziwa lake, lakini ana mipaka yake. Hakuna ubavu wa kumlalia wala blanketi la wakubwa la kumfunika uso. Ndani mna kigodoro chembamba, mto hakuna.

Kusuka kwenyewe kukawa darasa. Wajawazito, mashangazi na bibi hukaa pamoja, mikono ikifanya kazi, huku wakizungumza juu ya sigara, kunyonyesha na kulaza chali. Katika kukata majani hayo ipo desturi ya kale: chipukizi la katikati huitwa mtoto, na majani mawili yanayolikumbatia ni wazazi. Hayo hayakatwi.

Kikapu hakiondoi madhara ya sigara, na wako waliokitilia shaka, nayo ni haki yao. Jaribio la akina mama 200, lililotangazwa mwaka 2017, halikuona kwamba kinaongeza hatari kuliko kitanda cha kawaida cha mtoto. Tena walionyonyesha maziwa matupu miezi sita walikuwa takriban mara mbili ya wenzao. Baada ya tetemeko la Christchurch, Februari 2011, vilitolewa vitanda vya plastiki vya namna hiyo kwa familia zilizohangaika. Kati ya 2009 na 2015 vifo vya watoto wenye umri wa kuanzia wiki moja hadi mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 29 nchini humo, na watafiti walivitaja vitanda hivi, pamoja na mafunzo yake, miongoni mwa sababu.

Mama hukibeba kikapu chake hata anapokwenda kulala ugenini au msibani. Mtoto akikizidi urefu, humpa ndugu mwingine anayengoja kujifungua.