Moto wa njano jikoni: lisome jiko lako la gesi

Sufuria lililosuguliwa jana likitoka jikoni leo limejaa masizi, wengi husema gesi ya safari hii ni mbovu au wakala kawapunja. Mara nyingi mtungi hauna kosa. Moto wa gesi unaowaka vizuri ni wa buluu, mfupi, uliotulia. Ukiona wa njano na unayumbayumba, ujue gesi haipati hewa ya kutosha, na masizi yanatokana na hilo.

Funga mtungi, jiko lipoe, kisha inua kifuniko cha kichomeo. Hapo utakuta mchuzi wa maharage uliofurika wiki iliyopita, umekauka kama gundi na kuziba nusu ya vitundu. Sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, kausha kabisa, halafu rudisha kifuniko kikae sawasawa, maana kikikaa upande, moto nao huwaka upande. Rangi isipobadilika, mulika kwa tochi chini ya jiko, pale kichomeo kinapovutia hewa. Buibui hupapenda mno, na utando mmoja tu unatosha kuharibu moto. Ila nozeli, kile kishaba chenye tundu dogo la kupitisha gesi, usikichokonoe kwa sindano. Tundu likipanuka, gesi itatoka kupita kiasi na moto wa njano hautaisha.

Moto ukinguruma na kuruka juu ya kichomeo, tazama regulata. Kwa joto la Dar es Salaam, msukumo wa gesi mtungini unaweza kuzidi mara 100 ule unaohitajiwa na jiko la nyumbani, na kazi ya regulata ni kuupunguza. Madukani zipo pia regulata za msukumo mkubwa, za majiko makubwa ya mama lishe. Ukifunga hiyo kwenye jiko la mezani unahatarisha nyumba nzima, hata kama muuzaji atakuapia kuwa zote ni sawa.

Njombe na Makete wana shida yao nyingine. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani hushindwa kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi 0. Asubuhi za Juni na Julai moto hunywea ilhali mtungi bado mzito. Uhamishie mahali penye joto kidogo na uvute subira. Usiuwekee mkaa chini, wala usiulaze: ukilala, inayoingia kwenye mpira ni gesi ya majimaji, ambayo ikigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 200.

Kuvuja ndiko kunakoniogopesha kuliko yote. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali huongezwa makusudi ili pua itushtue. Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati. Kufungua dirisha la juu peke yake hakusaidii. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje, na usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima, kwa sababu ya cheche.

Harufu ikiisha kabisa, paka povu zito la sabuni kwenye maungio ya regulata, mpira na jiko, kisha fungua mtungi kidogo na utazame kwa makini. Hata kiputo kimoja kinachokua polepole kinatosha kukuonyesha panapovuja. Wako wanaopima kwa kiberiti mpaka leo, nawasihi waache.

Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, na ningependa kila anayekabidhiwa mtungi wake wa kwanza aonyeshwe povu hilo siku hiyohiyo.

Mpira wenye nyufa badilisha, kibano kilicholegea kaza. Lakini povu likivimba kwenye valvu ya mtungi, usiiguse kwa spana. Utoe mtungi nje, usimame wima mbali na moto na mitaro, kisha umrudishie wakala. Kabla ya kupokea mwingine, mwambie apake povu ukiona.