Kwa Nini Baiskeli Huwa Nyepesi Nyuma ya Trekta



Jioni za kuvuna miwa hapa Busoga mtawaona. Trekta limetoka shambani kuelekea kiwandani, linavuta tela zilizojaa miwa, na nyuma yake, karibu kabisa na mabua ya mwisho, vijana watatu au wanne juu ya baiskeli wanarudi nyumbani. Hawakushika kitu. Wanakanyaga polepole tu, na bado wanakwenda sawa na trekta. Ukiwauliza watakujibu, "Mzee, hapa baiskeli inajiendesha yenyewe." Siwezi kuwabishia. Mwaka 2009 nilikuwa mmoja wao, na mkono wangu wa kushoto haujanyooka mpaka leo.

Vijana hawasemi uongo. Hewa tunaidharau kwa kuwa haishikiki, lakini ina uzito. Ukichukua sanduku la mita moja kila upande, hewa iliyomo ndani ni karibu kilo moja. Kila anayekwenda lazima aisukume kando apate pa kupita. Ukitembea kwa miguu huioni kazi hiyo. Juu ya baiskeli unaiona, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili, hewa haikuzuii mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana kutoka kilometa 10 kwa saa kwenda 15 si taabu, lakini kutoka 25 kwenda 30 unatweta. Kwenye barabara tambarare, ukifika mwendo huo wa 30, sehemu kubwa ya jasho lako inakwenda kwa hewa, si kwa uzito wa baiskeli.

Sasa trekta na tela zake limekwisha kuifanya kazi hiyo ya kusukuma. Hewa iliyopasuliwa hairudi mara moja. Nyuma ya tela hubaki kama shimo, na hewa inayokimbilia kulijaza huvutwa kwenda upande ule ule linakokwenda trekta. Anayeingia humo hakutani na upepo wa uso kwa uso. Shimo hilo huwa na nguvu karibu na gari, na hufifia kadiri unavyobaki nyuma. Hapo ndipo penye mtego.

Mmarekani mmoja, Charles Murphy, alionyesha nguvu ya jambo hili mwaka 1899. Huko Long Island, karibu na New York, walitandika mbao katikati ya reli, wakajenga kibanda cha kukinga upepo nyuma ya behewa la mwisho, naye akalifuata gari moshi kwa baiskeli. Alimaliza maili moja kwa sekunde chini ya 60. Tangu siku hiyo wakamwita Murphy wa Maili kwa Dakika. Lakini gari moshi lilipopunguza mwendo yeye hakuwa na nafasi ya kusimama, na watu waliokuwa ndani ya behewa ndio waliomnyakua juu pamoja na baiskeli yake. Nyuma ya tela ya miwa hakuna mtu wa kukunyakua.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Trekta likienda kilometa 25 kwa saa, linapita mita 7 kila sekunde. Jicho kuona na mkono kubana breki huchukua kama sekunde moja. Wewe uko mita 2 nyuma. Dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, utakuwa umekwisha gonga chuma kabla vidole vyako havijajikunja. Zaidi ya hayo huoni mbele, unaona miwa tu. Mimi sikuliona shimo la barabara ambalo dereva aliliona.

Mwajiri wangu wa wakati ule aliniambia nimeumia baada ya saa za kazi, kwa hiyo nijitibu. Nikajitibu. Sikujua kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inamhesabu pia anayeumia akiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, ila ni juu yake kuthibitisha kwamba njia ilikuwa ya moja kwa moja. Ukiumia, tafuta shahidi siku ile ile, kisha njoo tawini kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Madereva wa malori nao wasijione wako mbali. Kuna matajiri wanaompimia dereva mafuta kwa lita na kumkata mshahara yakizidi, naye kati ya Malaba na Kampala anajibana nyuma ya mwenzake. Ni kweli mafuta hupungua. Majaribio yameonyesha lori la nyuma linaweza kuokoa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini malori yale ya majaribio yalikuwa yameunganishwa breki kwa redio, la mbele likibana la nyuma linabana papo hapo. Dereva wetu ana mguu wake tu, na kwa mwendo wa kilometa 80 mguu huo unachelewa mita 22. Mafuta ya kupimiwa tutayazungumza na waajiri. Tusiyalipie kwa shingo.

Kinga ya upepo inapatikana pia kwa wenzetu wa baiskeli, ambao ni wepesi na unaona juu ya mabega yao. Ukimfuata mmoja kwa karibu, hewa inayokuzuia hupungua kwa robo au zaidi. Hata Eliud Kipchoge wa Kenya, alipokimbia maratoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna mwaka 2019, alikingwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kwa makundi. Na mwari, yule ndege wa ziwani, akiruka katika msururu moyo wake hupiga polepole kuliko akiwa peke yake. Wataalamu walipima jambo hilo nchini Senegal wakalitangaza mwaka 2001.

Sisi watano tunaotoka pamoja hapa hatulifuati trekta tena. Tunakwenda kwa msururu, nafasi ya baiskeli moja kati yetu, na wa mbele hutoka kila nguzo ya kumi ya umeme na kurudi nyuma kabisa. Anayeona shimo au mbuzi hupaza sauti. Mwenye panga au jembe limechomoza hukaa wa mwisho, na zamu yake ya mbele anailipa kwa kutununulia chai.