Mtihani wa Baraza: Muuguzi Hujiandaaje?

Kila mtu na awe na kalamu na daftari, maana leo tutapiga hesabu. Mwalimu wa darasa na awe karibu na ubao.

Leo tutazungumza habari za mtihani ambao wengi wetu hatutaufanya, lakini watoto wetu wanaufanya. Kisha siku tutakapolala kitandani hospitali tutamtegemea aliyeufanya. Ni mtihani wa uuguzi.

Fikirini binti wa Rhotia, au wa Mbulumbulu, au wa upande wa Endulen. Amemaliza kidato cha nne, amefaulu masomo ya sayansi, ameingia chuo cha uuguzi. Amesoma miaka mitatu hata akapata stashahada. Amerudi nyumbani na sanduku lake. Majirani wanamwita nesi, na jioni hiyo hiyo mama mmoja amekwisha kuleta mtoto mwenye homa ili achomwe sindano.

Je, binti huyu ni muuguzi? Kwa macho ya majirani, ndiyo. Kwa sheria, bado. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1997, inasema kwamba mtu hawezi kufanya kazi ya uuguzi mpaka aandikishwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupewa leseni. Na kabla ya hapo Baraza humpa mtihani wake lenyewe. Chuo kimemfundisha na kumpima, sasa Baraza linampima mara ya pili. Aliyesoma shahada ya chuo kikuu naye hupita njia hiyo, ila yeye hutangulia kufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi. Basi, mama wa mtoto mwenye homa, usimkasirikie binti akikuambia, "Mama, samahani, siwezi kumchoma sindano, twende zahanati." Hana kiburi. Anaitii sheria inayomlinda mtoto wako.

Mtu atauliza, kwa nini apimwe mara mbili? Nitajibu kwa kuwaeleza habari za mgonjwa wa katikati.

Hospitalini kuna mgonjwa anayekaribia kupona, na kuna mahututi. Kati yao yuko wa tatu. Huyu anazungumza, anakunywa chai, lakini baada ya saa mbili aweza kubadilika kabisa. Ni mama aliyejifungua asubuhi, ni mzee mwenye ugonjwa wa moyo, ni kijana aliyepasuliwa jana. Katika nchi ya Marekani wagonjwa wa namna hii wana wodi zao, na tangu mwaka 2004 wauguzi wa wodi hizo wana mtihani wao maalum. Kwetu, katika hospitali nyingi, mgonjwa huyu hulala wodi moja na wengine, nacho kitanda chake husogezwa karibu na meza ya muuguzi. Daktari hupita na kwenda zake. Anayemwona mgonjwa akibadilika ni muuguzi.

Tena tazameni nchi yetu ilivyo. Kutoka mji wa Karatu mpaka Arusha ni kama kilomita 140. Atokaye Endulen hana budi kupanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali pa ukungu na baridi, ndipo ashuke kuelekea lango la Lodoare na Karatu. Muuguzi akichelewa saa moja kutambua hatari, barabara itaongeza saa nyingine nyingi juu yake.

Haya, sasa tuone maswali ya mtihani huo yanataka nini. Nitasema tarakimu, nanyi mwandike. Mama amejifungua saa 4 asubuhi. Mapigo ya moyo wake ni 88 kwa dakika, anapumua mara 18, presha ni 120 juu na 80 chini. Saa 4 na nusu mapigo ni 104, anapumua mara 22, presha 110 kwa 70. Saa 5 mapigo ni 124, anapumua mara 28, presha 90 kwa 60.

(Hapa mwalimu azime redio kwa dakika mbili. Wanafunzi waandike tarakimu hizo katika safu tatu na kuzitazama.)

Mmeona nini? Mapigo na pumzi vinapanda, presha inashuka. Mama huyu huenda anavuja damu, hata kama shuka la juu ni safi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mapigo ya mtu mzima ni kati ya 60 na 100 ataona tu kwamba 104 imepita kidogo. Mwanafunzi aliyejiandaa vizuri hasomi tarakimu moja peke yake, huangalia safu inaelekea wapi. Kisha swali humwuliza, utafanya nini kwanza? Hapo ndipo wengi huanguka, maana majibu yote yaliyoandikwa huonekana mema. Kumwandikia daktari barua ni jambo jema, lakini si la kwanza. La kwanza ni kuita msaada kwa sauti bila kumwacha mama, huku mkono ukisugua tumbo la uzazi ili likaze. Wenzake wakifika, mmoja huandaa dawa ya oksitosini na mwingine huweka maji mshipani. Mambo hayo hufanyika karibu kwa pamoja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Mashine ndogo ya kubana kidole huonyesha oksijeni katika damu. Vitabu husema mtu mzima awe na 95 kwa mia au zaidi. Lakini Karatu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa Ngorongoro kama mita 2,300, ambako hewa ni nyepesi. Huko mtu mwenye afya aweza kuonyesha chini kidogo ya hapo. Katika chumba cha mtihani ajibu kama kitabu kisemavyo. Wodini amtazame na mgonjwa mwenyewe, midomo yake, mbavu zake, usemi wake. Ila ikishuka chini ya 90 asijifariji kwa habari za mlima.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Daktari ameagiza mfuko wa maji wa mililita 500 uingie mwilini kwa saa 4. Mpira wa kutiririshia hutoa matone 20 katika kila mililita moja. Je, yadondoke matone mangapi kwa dakika?

Kwanza tafuta matone yote. 500 mara 20 ni 10,000. Kisha geuza saa kuwa dakika. 4 mara 60 ni 240. Gawanya 10,000 kwa 240, utapata 41 na kitu, karibu 42. Basi muuguzi huinama na saa yake, akihesabu na kurekebisha mpaka yadondoke matone 42 kwa dakika.

Mtu akisahau kugeuza saa kuwa dakika, atagawanya kwa 4 na kupata 2,500. Nani awezaye kuona matone 2,500 yakidondoka kwa dakika moja? Huo si mchirizi, ni bomba. Kila akipata jibu, mwanafunzi ajiulize kama jambo hilo laweza kuwa kweli. Kosa la namna hii kwenye karatasi humnyima alama. Maji yakiingia mbio kwa mgonjwa wa moyo au mtoto mchanga, hujaa mapafuni. Naomba pia mkumbuke kwamba mipira si sawa yote. Ile ya watoto wadogo hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo maandishi ya pakiti husomwa kila mara.

Ndiyo maana nasema mtihani huu haujiandaliwi kwa kukesha juma la mwisho. Mimi mwenyewe chuoni nilikesha siku tatu kwa somo la takwimu, nikaingia chumbani nikiwa nimekariri kila kitu, nikashindwa kwa sababu maswali yalikuja kwa sura nyingine. Nililirudia somo hilo mwaka uliofuata, na aibu yake naikumbuka. Njia niliyoiona inafaa ni wanafunzi watatu au wanne kukaa pamoja, mmoja awe mgonjwa, mmoja muuguzi, wengine waulize, "Kwa nini umeanza na hilo?"

Kikwazo kikubwa ni lugha. Vyuoni masomo huandikwa kwa Kiingereza, wagonjwa huja na Kiswahili, Kiiraqw, Kimaasai, Kibarbaig, hata Kihadza. Mwanafunzi na awe na daftari la safu tatu, neno la kitabu, neno la Kiswahili, na neno la bibi yake. Akiweza kumweleza bibi ugonjwa wa kisukari kwa Kiiraqw mpaka bibi akaelewa, amekwisha kuuelewa yeye mwenyewe.

Na sisi wazazi? Tusimwite kutoka vitabuni kila ng'ombe akizaa. Akipata taa jioni, saa mbili za utulivu, na nauli iliyowekwa mapema, hiyo ni nusu ya kazi. Ada ya mtihani ilipwe kwa njia iliyotangazwa na Baraza, si mkononi mwa mtu anayesema anamjua mkubwa fulani. Kama hakufaulu, aweza kurudia. Wazee msiseme mbele ya wageni kwamba mbuzi waliouzwa wamepotea bure.

Kazi ya nyumbani. Mfuko ni wa mililita 1,000, mpira ni wa matone 20, muda ni saa 6. Tafuteni matone kwa dakika, kisha kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo wa jirani yake kwa dakika nzima na kuyaandika pamoja na saa. Mwalimu atakusanya madaftari kabla ya somo lijalo.